Miaka Mitatu na Lenzi Isiyovuta: Uchambuzi wa Canon EF 50mm f/1.8 STM

Hamjambo watazamaji wangu, na karibuni. Lenzi ninayoishika mbele yenu, ndogo kiasi cha kutulia vizuri kiganjani, ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Niliinunua kwa fedha zangu mwenyewe, sikupewa na mtengenezaji wala muuzaji, na nimekaa nayo kwa miaka mitatu. Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Siku tano za wiki nashughulika na kazi isiyohusiana na kamera hata chembe. Picha ni shughuli yangu ya jioni, ya mwisho wa wiki na ya safarini, kwa hiyo nitakachoeleza ni jinsi lenzi hii inavyomfaa mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, asiye na mteja wa kumridhisha wala studio ya kuwashia taa.

Umbo lake nitalipitia haraka. Ilitoka mwaka 2015 kuchukua nafasi ya toleo lililokuwa sokoni tangu 1990, na tofauti ya kwanza unaiona ukiigeuza: pete inayoungana na kamera sasa ni ya chuma, ilhali ile ya 1990 ilikuwa ya plastiki. Uzito wake ni gramu 160. Mabapa yanayopunguza uwazi ni saba badala ya matano, na ndiyo maana taa za mbali zilizofifia nyuma ya mtu huonekana karibu na duara, si pembe tano. Mwili uliobaki ni plastiki, nami sioni kasoro yoyote katika hilo, kwa kuwa lenzi nzito niliyokuwa nayo kabla ya hii ilizoea kubaki kabatini kila niliposafiri.

Kilichonifanya niinunue ni mwanga. Lenzi iliyokuja na kamera yangu, ikivutwa hadi mwisho wake, haifunguki kupita f/5.6. Namba hii ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (zile milimita zilizo kwenye jina la lenzi) kwa kipenyo cha uwazi wake, hivyo katika milimita 50 na f/1.8 tunapata tundu lenye kipenyo cha milimita 28 hivi; na kwa kuwa mwanga unaopita hutegemea eneo la tundu na si kipenyo peke yake, f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ule wa f/5.6. Mahali ambapo lenzi ya awali ilidai shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ikae wazi kwa sekunde 1/10, hii huridhika na 1/100. Picha mnayoiona sasa kwenye kioo niliipiga usiku ndani ya behewa la kulala, mwenzangu wa safari akisoma kitabu kwa taa ndogo ya kitandani. Sikuwasha taa ya kamera, na abiria waliolala hawakujua kwamba kuna picha iliyopigwa.

Hata hivyo, uwazi huo una gharama yake, na gharama hiyo niliilipa mapema. Wiki ya kwanza nilipiga sura za jamaa zangu karibu wote kwa f/1.8, nikafurahia jinsi ukuta wa nyuma ulivyoyeyuka, kisha nilipozifungua kwenye kompyuta nikakuta pua safi na macho yaliyofifia. Kosa lilikuwa langu. Ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, kwa kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha ukubwa mdogo uitwao APS-C, kama yangu, kina cha sehemu inayoonekana wazi ni sentimita 2 na nusu hivi, na mtu akipumua tu au wewe ukiyumba kidogo, jicho limekwisha toka humo. Siku hizi sura za watu nazipiga kwa f/2.8, ambapo kina hicho hufika takriban sentimita 4, na f/1.8 naihifadhi kwa mahali penye giza. Tena kwa f/2.8 lenzi yenyewe huwa kali zaidi, na ile mistari ya zambarau na kijani inayojitokeza kwenye kingo zinazong'aa, kwa mfano matawi yaliyo mbele ya anga jeupe, hupungua sana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi huliona kasoro, nami baada ya miaka mitatu naliona ndiyo sababu ya kuwa nayo: lenzi hii haivuti. Ukitaka kitu kiwe kikubwa kwenye picha, sogea. Ukitaka kiwe kidogo, rudi nyuma. Kwenye kihisi kikubwa cha milimita 24 kwa 36, milimita 50 huonyesha eneo la kawaida, si pana wala si finyu. Kwenye kihisi cha APS-C cha Canon, ambacho ni kidogo, eneo hilo hubana na kuwa sawa na la lenzi ya milimita 80, na huo ni ufinyu unaohisiwa. Katika safari ya kwanza niliyoibeba peke yake, kwa siku tano, nilijaribu kupiga ukumbi wa stesheni ya treni wenye dari refu. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, mpaka mgongo ukagota ukutani, na bado nilipata nguzo mbili na kipande cha saa ya ukutani. Nilikasirika, sitaficha. Kisha, kwa kuwa ukumbi umeshindikana, nikaanza kuangalia vitu vilivyokuwa ndani yake.

Kando ya mlango alikuwapo fundi saa mwenye meza ndogo. Kwa lenzi ndefu ningempiga kutoka upande wa pili wa ukumbi, nikaondoka, na asingejua. Kwa hii nilipaswa kusimama umbali wa mita mbili, ambao ni umbali wa watu wanaozungumza, na haiwezekani kumwelekezea mtu kamera ukiwa hapo bila kumsalimu. Nilimwamkia, nikamwomba. Alikataa sura yake isipigwe, ila akasema mikono haina neno. Hapo ndipo nilipojua thamani ya tarakimu moja ambayo nilikuwa nimeisoma kwenye boksi na kuipuuza: lenzi hii huweza kulenga, yaani kukionyesha bila kufifia, kitu kilicho sentimita 35 tu kutoka kwenye kihisi, na kwa umbali huo fremu yangu hujaa kitu chenye upana wa sentimita 10 hivi. Vidole viwili, kibano, na saa iliyofunguliwa mgongo. Hiyo hapo. Toleo la 1990 lilikuwa likikoma kwenye sentimita 45, na picha hii isingekuwa na uzito uleule. Katika safari hiyo nilirudi na picha chache kuliko nilizowahi kurudi nazo, na karibu kila moja naikumbuka nilikuwa nimesimama wapi na nilizungumza na nani.

Nyumbani nako imenifunza zoezi dogo. Kuna kiti karibu na dirisha ambacho nakipiga mara moja kila wiki, saa kumi na moja jioni, kwa mwanga utakaokuwapo. Baadhi ya jamaa zangu huniuliza kama nimeishiwa vitu vya kupiga. Sijaishiwa, ni kwamba kwa kutobadilisha lenzi wala kiti, kinachobaki kubadilika ni mwanga peke yake, na nimeelewa mengi kuhusu mwanga kwa kiti hicho kuliko kwa safari nilizosafiri.

Yapo yanayonikera. Kwanza, haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo kwenye kamera kama yangu sishuki chini ya sekunde 1/80 ya shata nikiishika kwa mkono. Pili, pete ya kulengea kwa mkono haijaunganishwa na vioo moja kwa moja bali huamuru mota kwa umeme, na kamera ikizimwa au ikisinzia unaweza kuizungusha siku nzima bila kitu kusogea. Tatu, mota hiyo ni tulivu kuliko ile ya zamani iliyokoroma, lakini kwenye chumba kimya kinasa sauti cha kamera bado huisikia, na ndiyo sababu ninatumia maikrofoni ya pembeni hivi sasa. Nne, sehemu ya mbele hutoka nje lenzi inapolenga karibu, na ukizima kamera ikiwa imetoka, huenda ikabaki hivyo; gonga la mbele wakati huo huenda moja kwa moja kwenye mitambo. Kikinga mwanga hakimo kwenye boksi, nacho kingesaidia, maana jua likiwa mbele yako rangi hufifia. Kuhusu mvua, haina mpira wa kuzuia maji. Safarini kwenye boti mimi huifunika kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele, kwa sura isiyopendeza lakini hadi leo haijalowa.

Je, ikufae wewe? Kama unapiga watu, vitu vya mezani, mikono, watoto wanaocheza ndani jioni, sina shaka. Kama kihisi chako ni APS-C na mapenzi yako ni majengo na vyumba, usianze na hii. Tazama EF-S 24mm f/2.8 STM, ambayo ina gramu 125 na huonyesha eneo pana zaidi. Na kama una kamera ya Canon isiyo na kioo cha ndani, hii itahitaji adapta, na adapta huongeza urefu na kuondoa ule wepesi wote niliousifu. Huko ipo RF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2020, ambayo hukaribia hadi sentimita 30.

Ukinunua iliyotumika, igeuze kwanza uone kama pete ni ya chuma, kwa sababu matoleo haya mawili huchanganywa na wauzaji. Ifunge kwenye kamera, ilenge kitu cha karibu halafu cha mbali mara kumi mfululizo, ukisikiliza kama mota inakwama. Kisha piga ukuta wa matofali kwa f/1.8 ukiwa umeusimamia sawasawa, ukuze picha, ulinganishe kona ya kushoto na ya kulia. Zote mbili zitakuwa na ulaini kidogo, na hilo ni la kawaida. Ila upande mmoja ukiwa umefifia zaidi ya mwingine, huenda lenzi hiyo imewahi kuanguka. Irudishe mezani.