Virutubisho vya kukinga kuku na metali nzito: kipi kinastahili hela yako

Siku hizi karibu kila mfuko wa "kifunga sumu" kwenye duka la pembejeo unajinadi kwamba unaondoa na metali nzito, kama risasi, kadmiamu na zebaki. Tuanze na kinachofanya kazi zaidi, ambacho kwa bahati nzuri ndicho cha bei ya chini: chokaa ya mifugo.

Risasi hugombea njia moja na kalsiamu utumboni, kwa hiyo kalsiamu ikipungua kwenye chakula, risasi hupenya kwa wingi. Tena kuku wa mayai aliyepungukiwa hukopa kalsiamu ya ganda kutoka kwenye mifupa yake, na risasi iliyokuwa imelala humo huamka pamoja nayo. Sehemu yake huishia kwenye kiini cha yai. Chakula cha kuku anayetaga kiwe na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Kwa kilo 100 hiyo ni chokaa kilo 8 hadi 9, kalsiamu nyingine ikitoka kwenye DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) na dagaa. Nusu ya chokaa iwe ya chembe kubwa, milimita 2 hadi 4, ili idumu kwenye firigisi usiku, wakati ganda linajengwa. Vifaranga na kuku wa nyama wasipewe kiwango hiki. Wao inawatosha asilimia 1 hivi. Ikizidi, huharibu figo, na figo ndiyo ghala la kadmiamu. Chokaa ya kujengea haifai.

Vifunga vya udongo, yaani bentonaiti na zeolaiti, tunavipa alama za wastani. Bentonaiti inashika sumukuvu ya mahindi vizuri sana, na kwa kazi hiyo pekee inastahili kununuliwa. Kwa metali, inakamata sehemu ya kile kilichomo utumboni wakati huo. Kilichokwisha kuingia kwenye ini, figo au mfupa haikifuati. Nusu kilo hadi kilo moja kwa kilo 100 za chakula inatosha. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa asilimia 2 kwa bentonaiti na asilimia 1 kwa klinoptilolaiti, ambayo ni aina ya zeolaiti. Usiimwage moja kwa moja kwenye rundo. Ichanganye kwanza na kilo 5 za mahindi yaliyosagwa, kisha hizo kilo 5 uzichanganye na zilizobaki, la sivyo kuku mmoja atakula udongo na mwenzake asionje.

Lebo nyingi hunyamazia mambo mawili. Bentonaiti hushika na dawa: isiwekwe pamoja na robenidini, dawa ya koksidiosi, wala wakati kuku wanapewa antibiotiki ya tailosini, kwa sababu dozi itapungua bila wewe kujua. Pili, udongo wenyewe unaweza kuwa na uchafu. Mwaka 1997 huko Marekani udongo uliotiwa kwenye chakula cha mifugo uligunduliwa kuwa na dioksini, ikafika hadi kwenye nyama ya kuku. Kwa hiyo dai cheti cha uchambuzi cha shehena husika. Kwa bentonaiti, ukomo wa risasi Ulaya ni miligramu 30 kwa kilo. Muuzaji asiye na cheti, mwache na mfuko wake.

Seleniamu, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, inafaa, hasa penye zebaki, kwa kuwa hujifunga nayo na kuipunguza makali. Lakini ni kisu chenye makali pande zote. Inayoongezwa ni miligramu 0.3 kwa kilo ya chakula. Ikifika miligramu 5, mayai ya kutotolesha hutoa vifaranga vilemavu. Kwa kilo 100 za chakula, sodiamu selenaiti (chumvi yenye seleniamu) inayohitajika ni miligramu 66 tu, kiasi ambacho mzani wa jikoni hauwezi hata kukiona. Inunue ndani ya premiksi (mchanganyiko tayari wa vitamini na madini), pamoja na vitamini E, na ukishaiweka usiongeze seleniamu ya kutia kwenye maji.

Vitamini C ni ya kusaidia tu, kwani kuku hujitengenezea yake. Ukiitia kwenye maji, tumia chombo cha plastiki; asidi yake hung'oa zinki kwenye bati.

Mkaa uachwe. Hata ule uliotengenezwa kwa ajili ya dawa hushika metali kidogo mno, sembuse wa jikoni.

Bidhaa zote hizi hazina nguvu mbele ya kuku anayechakura penye sumu: karibu na mabaki ya betri, kama Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, au kwenye udongo wa marudio ya dhahabu, yaani mabaki ya kuchenjua. Huko hela ya kwanza iende kwenye banda la sakafu ya saruji. Pima na DCP pia: ya bei ya kutupa inaweza kuja na kadmiamu, na ukomo wa Ulaya kwa chakula kamili ni miligramu 0.5 kwa kilo. Kuku akishalegea mabawa, akiharisha kijani na kuacha kutaga, yupo daktari wa mifugo mwenye sindano ya kalsiamu EDTA, dawa inayoshika risasi iliyo mwilini. Maini, figo na mayai ya kundi hilo yasiliwe hadi maabara iyapime.