Nimeacha 20W-50, nimehamia 5W-30: ripoti baada ya kilomita 20,000

Chapa sitaitaja, maana ninachokipima hapa ni namba zilizo ubavuni mwa dumu. Oili yenyewe ni sintetiki, 5W-30, ina alama ya API SP, yaani daraja la ubora la Taasisi ya Petroli ya Marekani. Gari ni Toyota la injini ya 1NZ-FE, lita 1.5. Limeshavuka kilomita 210,000 na nimekusudia lifike 400,000 bila injini kufunguliwa.

Zamani nilikuwa mtu wa 20W-50. Fundi aliniambia gari likizeeka linataka oili nzito, nami sikubisha. Nani atabishana na mtu aliyeshika spana? Nikaitumia miaka mitatu. Halafu ikaanza tabia: kila asubuhi nikiwasha, kunatoka mlio mkavu juu ya injini, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, kisha unakata ghafla. Siku moja nikaurekodi kwa simu, nikahesabu. Sekunde nne. Yaani sekunde nne kila alfajiri kamshafti na mnyororo wa taimingi vinangojea oili ipande kutoka chini.

Ndipo nikakifungua kitabu cha gari, ambacho tangu ninunue gari kilikuwa kazi yake kuzuia karatasi zisiruke. Kinapendekeza 5W-30.

Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Ile W si uzito. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake inaeleza oili inavyofanya kazi ikiwa imepoa: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ni ya injini iliyokwisha kupata moto. Kwenye nyuzi 100, mnato (yaani uzito wa oili katika kutiririka, hapa kwa sentistoksi) wa oili ya 30 uko kati ya 9.3 na 12.5, na wa oili ya 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Na isidhaniwe kwamba 5W-30 ikiwa baridi inakuwa maji kuliko ikiwa moto. Oili yoyote ikipoa huwa nzito. Tofauti ni kwamba hii inazidi uzito kidogo tu, ile ya 20W inagoma.

Kama huamini, fanya nilichofanya mimi. Nilitia vijiko viwili vya kila moja kwenye vichupa, nikavilaza ndani ya friza usiku kucha. Asubuhi nikaviinamisha pamoja. 5W-30 ilitiririka, kwa uvivu lakini ilitiririka. 20W-50 ilibaki imeshikilia kitako cha chupa, ikaanza kujikokota nilipokwisha kukata tamaa. Sawa, magari yetu mengi hayalali kwenye friza. Lakini pampu ya oili inapoamka ndiyo hali hiyo inayopambana nayo, kwa kipimo kidogo.

Matokeo sasa. Mlio wa asubuhi umeshuka kutoka sekunde nne hadi chini ya moja. Sifa zote siipi oili, kwa sababu siku ile ile nilibadilisha na filta, na filta mbovu huachia oili yote irudi chini gari likilala. Injini inachanganya haraka zaidi, jambo ninaloliamini kwa kuwa VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, inasukumwa na presha ya oili hiyo hiyo. Mafuta ya petroli? Sijaona tofauti ya kuapia.

Hasara ipo. Kwa 20W-50 nilikuwa naongeza kama mililita 200 kila kilomita 5,000. Sasa ni karibu 400. Gasketi ya kifuniko cha valvu, iliyokuwa kavu, inatoa jasho kwenye kona moja. Oili nzito ilikuwa inaficha ringi na gasketi zilizochoka, haikuziponya. Kwa injini inayobeba lita 3.7, mililita 400 hainitishi, ila kijiti cha kupimia oili nakichomoa kila Jumamosi, injini ikiwa baridi na gari limesimama sawasawa. Anayesubiri mpaka taa nyekundu iwake asinifuate.

Ingekuwa inakula lita nzima kwa kilomita 2,000, ningepanda hatua moja tu, 5W-40: moto inakuwa nzito kiasi, baridi bado inakimbia. Kurukia 50 ni kumpa mgonjwa blanketi badala ya dawa. Wapo pia walioruka upande wa pili, wanaotia 0W-20 kwenye injini isiyoitaja kitabuni kwa sababu jirani mwenye gari jipya anaitumia. Chini ya joto kali na msuguano, kiwango cha chini cha mnato kinachotakiwa (kwa milipaskali-sekunde) kwa oili ya 20 ni 2.6, kwa 30 ni 2.9, kwa 5W-40 ni 3.5. Mnato huo ndio unaoshikilia utando wa oili unaotenganisha beringi na krenkshafti.

Jambo la mwisho kwa wenye magari ya Ulaya: 5W-30 zote si ndugu. Yenye alama ya ACEA C3, daraja la watengenezaji magari wa Ulaya, lazima ifike 3.5 kwenye kipimo hicho hicho. Hii yangu haina alama hiyo, kwa hiyo kama kitabu chako kinaidai, iache dukani.

Mimi nimeshanunua dumu la pili. Ile 20W-50 iliyobaki inalainisha bawaba za geti, na huko haina mpinzani.