Nta, utambi na marashi ya buji za glasi: nini cha kununua Lubumbashi, na kwa mpangilio gani

Ukitaka kutengeneza buji za glasi hapa Lubumbashi, usianze kwa kuuliza nta ipi ni nzuri kuliko zote. Uliza ipi utaipata tena mwezi ujao, ya aina ileile, kwa muuzaji yuleyule. Nta ikibadilika, utambi uliokuwa sawa jana leo ni mdogo au mkubwa, marashi yanaanza kutoka jasho juu ya buji, na majaribio yote unayarudia toka mwanzo. Ndiyo maana nta ya kwanza katika mpangilio huu haikuchaguliwa kwa uzuri peke yake. Imechaguliwa kwa sababu inavumilia joto la Oktoba, inapokea marashi, na haikuangushi mzigo ukichelewa mpakani Kasumbalesa.

Hesabu zote hapa ni za glasi ya kipenyo cha sentimita 7, inayoingia maji mililita 250 ikijaa. Ukiacha nafasi juu, inachukua gramu 190 hivi za nta.

Nta

1. Soya na parafini, unayochanganya mwenyewe. Kwa kilo moja: gramu 600 za soya ya kopo (nta ya soya ya kumiminwa ndani ya chombo), gramu 400 za parafini ya 58/60. Namba hiyo ya 58/60 ni joto la kuyeyuka kwa sentigredi. Soya ya kopo huyeyuka mapema, kati ya 46 na 52. Mwezi wa Oktoba jua la hapa linapita nyuzi 30, na ndani ya gari lililofungwa au depo ya mabati ni zaidi sana. Soya tupu hapo inalainika na kutoa mafuta juu. Parafini tupu nayo inasinyaa, inaachana na kioo na kuacha shimo kando ya utambi. Zikichanganywa, parafini inaikaza soya, na soya inaizuia parafini isisinyae sana. Harufu pia inatoka vizuri buji ikiwaka, na ule weupe wa ukungu unaojitokeza juu ya soya unapungua.

Unaponunua soya, soma paketi kama ni ya kopo (bougie en pot) au ya kusimama yenyewe. Ya kusimama ni ngumu zaidi, imefanywa isinyae ili itoke kwenye umbo, na ndani ya glasi ndiyo itakayokuletea matatizo. Parafini nayo ina daraja mbili. Iliyosafishwa kabisa ina mafuta chini ya asilimia 0.5, ni nyeupe na haina harufu. Iliyosafishwa nusu inavuta kwenye njano na inanuka petroli kidogo. Funga kipande katika karatasi ya choo, kiache usiku kucha mahali pa vuguvugu: karatasi ikipata doa la mafuta, hiyo haifai kwa buji ya marashi.

2. Soya tupu. Nta hii ni mafuta ya soya yaliyogandishwa kwa haidrojeni. Michael Richards ndiye aliyeianzisha kwa ajili ya buji huko Iowa, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inashika marashi asilimia 6 hadi 10, na masizi yake ni machache utambi ukiwa sahihi. Udhaifu wake ni joto, na kusubiri: baada ya kumimina, iache siku 10 hadi 14 kabla ya kuiwasha, la sivyo utadhani marashi uliyonunua ni mabaya. Kwa anayeuza kati ya Mei na Agosti, wakati wa baridi, soya tupu ingeweza kuwa ya kwanza.

3. Nta ya nyuki. Mapori ya miombo ya Katanga yana asali, na penye asali pana nta. Ni nta nzuri mno kwa buji isiyo na marashi. Lakini inayeyuka kati ya 62 na 64, ni nzito, inapasuka ikipoa haraka, na harufu yake ya asali inashindana na marashi yoyote utakayoweka. Kwa glasi, changanya gramu 750 za nta ya nyuki na gramu 250 za mafuta ya nazi. Usiipitishe nyuzi 85, maana rangi inageuka kahawia na harufu inaharibika.

Tatizo lake kubwa sokoni ni kuchanganywa na parafini, na hili linapimika kabla hujalipa kilo 20. Mwambie muuzaji kwa heshima: "Mama, unikatie kipande kidogo nijaribu kwanza." Chukua alkoli ya famasi ya digrii 70, mililita 40, ongeza maji mililita 30. Ukipata ya digrii 90, ni mililita 40 kwa maji mililita 50. Koroga, acha mpaka mapovu yaishe na kimiminika kirudi kwenye joto la chumba. Yeyusha kipande cha nta, kidondoshe kwenye maji baridi kiwe punje laini isiyo na hewa ndani, kipanguse, kisha kitumbukize. Nta safi ya nyuki ni nzito kidogo kuliko mchanganyiko huo, itazama polepole. Parafini ni nyepesi, itaelea. Iliyochanganywa parafini nyingi nayo itaelea. Iliyochanganywa kidogo sana itapita jaribio hili, kwa hiyo tumia na mkono: nta safi ukiisugua inanata kidogo, yenye parafini inateleza.

Halafu isafishe. Nta ya kijijini inakuja na mabaki ya asali na gundi nyeusi ya mzinga. Maji ya asali yanafanya moto utatarike, na ile gundi inaziba utambi hadi mwali unakufa wenyewe. Yeyusha nta juu ya maji ndani ya sufuria moja, chuja kwa kitambaa cha pamba, acha igande, kisha kwangua uchafu uliobaki upande wa chini. Rudia mpaka upande wa chini uwe safi.

4. Parafini 58/60 peke yake. Ni rahisi kupatikana, na wengi huanzia hapa. Inafaa kwa buji ya kumulikia umeme ukikatika, na hiyo usiiwekee marashi kabisa. Kwa buji ya harufu inashika asilimia 3 tu. Ukizidisha, matone yanatokea juu. Ukilazimika kuitumia, ongeza vazilini isiyo na harufu gramu 80 kwa kilo ili isiachane na kioo. Baki na sehemu ya kumi ya nta. Buji ikiganda, toboa matundu mawili kando ya utambi, kisha ujazie kwa nta yenye joto la nyuzi tano zaidi ya uliyomimina mwanzo.

Steariki (acide stéarique) usiinunue kwa glasi. Watengeneza buji za umbo wanaipenda kwa sababu inasinyaa na kuachia, na wewe unataka nta ishike kioo. Mawese ya kupikia hayagandi vya kutosha. Na kuyeyusha buji nyeupe za dukani ni hasara iliyojificha: hujui zina nini ndani, na paketi ya wiki ijayo inaweza kuwa nta nyingine kabisa.

Utambi

Hapa ndipo buji nyingi zinapoharibika, na ndipo watu wanapobania franga chache baada ya kutumia nyingi kwa marashi.

Chaguo la kwanza ni utambi wa pamba uliosukwa bapa wenye nyuzi za karatasi ndani, unaouzwa kwa jina la aina na namba, kama ECO 10 au CD 12. Unapinda kidogo ukiwaka, ncha inatoka nje ya mwali na kujikata yenyewe. Chaguo la pili ni pamba ya msuko wa mraba, na kwa nta ya nyuki hiyo ndiyo ya kwanza. La tatu ni wenye waya katikati. Unasimama wima vizuri, lakini hakikisha waya si wa risasi (plomb, madini yenye sumu). Marekani walipiga marufuku tambi za risasi mwaka 2003, ila bidhaa za zamani na zisizo na jina bado zinazunguka duniani. Vua pamba, sugua waya kwenye karatasi nyeupe: risasi inaandika mstari wa kijivu kama penseli, zinki haiandiki. Kamba ya dekio na uzi wa kushonea usivitumie. Havipindi, vinaota kichwa cheusi kama uyoga na kujaza kioo masizi.

Kwa glasi ya sentimita 7 na mchanganyiko wa kwanza hapo juu, nunua namba tatu, si moja: ECO 8, 10 na 12, au CD 10, 12 na 14. Parafini tupu kwa kawaida inataka namba ndogo zaidi, nta ya nyuki kubwa zaidi. Jedwali la kiwanda ni pa kuanzia tu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Mwali hauli nta sawasawa na pwani. Glasi ikipita sentimita 9, weka tambi mbili ndogo badala ya moja nene.

Tengeneza buji tatu, nta ileile, marashi yaleyale, ila tambi tofauti. Andika namba chini ya kila glasi. Subiri siku zake, kata utambi ubaki milimita 5, washa kwa muda wa saa tatu mahali pasipo na upepo. Nta iliyoyeyuka inapaswa kufika kwenye kioo, kina chake milimita 6 hadi 12. Ikiacha ukuta wa nta pembeni, utambi ni mdogo. Kina kikipita hapo, mwali ukicheza na moshi mweusi ukapanda, au kioo kikikataa kushikika kwa mkono, utambi ni mkubwa. Zima, acha ipoe kabisa, washa tena, hadi nta ibaki sentimita 1. Usihukumu kwa mwasho wa kwanza. Ukuta mwembamba mwanzoni mara nyingi unayeyuka glasi inapofika nusu, na utambi ulioonekana mzuri juu unaweza kupasha glasi mno huko chini.

Kisahani cha kushikilia utambi nunua chenye shingo ya milimita 6. Shingo hiyo inauzima moto kabla haujagusa kitako cha glasi. Na rangi iwe ya buji. Kreyoni za watoto zina unga usioyeyuka, unaoziba utambi, na buji inazimika bila sababu unayoiona.

Marashi

La kwanza ni mafuta ya harufu yaliyotengenezwa kwa ajili ya buji, yanayouzwa na fishi ya usalama na cheti cha IFRA (shirika la kimataifa la watengeneza marashi). Kwenye cheti tafuta kundi la 12, ndilo la buji. Kwenye fishi tafuta "point d'éclair", yaani joto ambalo mvuke wake unaweza kushika moto. Joto hilo likiwa chini ya nyuzi 65, mafuta hayo usiyanunue. Yenye vanila nyingi yatageuza nta kahawia hata ufanyeje, kwa hiyo yaweke kwenye kopo la bati lisiloonyesha ndani.

La pili ni mafuta asilia ya mimea, kama mchaichai au kalitusi. Harufu yake ni halisi, lakini machungwa na ndimu hutoweka upesi kwenye moto. La tatu ni mafuta ya marashi ya mwili yanayouzwa kwa vichupa sokoni. Mengine yanafaa, mengine yametiwa kimiminika kisichoingiliana na nta. Yajaribu hivi: yeyusha nta gramu 30, weka gramu 2, koroga dakika 2, acha igande. Ukikuta matone chini ya kikombe, usinunue. Parfe ya kupuliza ina alkoli, na juu ya mbabula ni hatari ya moto. Esensi ya keki haiyeyuki katika nta.

Pima kwa balansi, usipime kwa kifuniko. Mchanganyiko wa soya na parafini uanze na asilimia 6: gramu 60 kwa kilo. Kuongeza hadi 10 hakuleti harufu mara mbili; mara nyingi kunauzamisha utambi tu.

Yeyusha nta kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si moja kwa moja juu ya makala. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hilo linakulinda. Nta ikifika 80 hadi 85, toa motoni, weka marashi, koroga taratibu dakika 2 kamili, acha ishuke hadi 60 au 65, mimina kwenye glasi iliyopashwa kidogo. Nta ikishika moto, funika kwa kifuniko cha bati. Maji yatairusha na kukuunguza.

Kwa mzigo wa kwanza wa buji 15, nunua soya kilo 1.8, parafini kilo 1.2, marashi ya aina moja tu gramu 180, tambi kumi na tatu za kila namba, kipimajoto cha kufika nyuzi 110, na balansi inayosoma gramu moja. Glasi kwanza nunua tatu, za kioo kinene kisicho na ufa wala povu, zote za umbo moja. Kumi na mbili zilizobaki zifuate utakapojua namba ya utambi.