Gazebo Harmonic na ArduPilot: zinafaa kufundishia droni kubeba mzigo?

Zinafaa, na zote ni za bure: Gazebo Harmonic ni programu ya simulesheni (kuiga mwendo halisi kwenye kompyuta), na ArduPilot ni programu ya kuongoza droni. Ndani ya Gazebo uzito wa mzigo hubadilisha kweli mwenendo wa droni.

Upande wa ArduPilot ni mwepesi: kuwasha kikamatio cha mzigo (gripper), weka kigezo GRIP_ENABLE 1, pakia upya vigezo, weka GRIP_TYPE 1 (aina ya servo), kisha SERVO9_FUNCTION 28 (servo ya 9 iendeshe kikamatio).

Kazi iko Gazebo. DetachableJoint, programu-jalizi yake ya kufunga na kuachia vitu, hufunga mzigo kwenye droni tangu simulesheni inapoanza, kwa hiyo tuma kwanza amri ya kuachia. Tena haipimi umbali: mwanafunzi anaweza "kukamata" boksi lililo mita 3 pembeni, akadhani amefaulu. Huo ni upungufu mkubwa kwa darasa. Mwalimu aandike msimbo mfupi unaokataa kukamata kitu kilicho mbali zaidi ya sentimita 10.

Kosa jingine la kawaida ni kuandika masi ya boksi na kusahau inesha (ukinzani wa kitu kugeuzwa). Gazebo huweka 1 kg·m² yenyewe, na droni ikishabeba inakuwa nzito kugeuka, kana kwamba imebeba jiwe la kusagia. Boksi la kilo 0.2 lenye upande wa sentimita 10 linahitaji takriban 0.00033 kg·m² tu.

Mzigo unaoning'inia kwa kamba uje baadaye, kwa sababu hubembea. Kwa kamba ya mita 1, kubembea kwenda na kurudi huchukua sekunde 2 hivi.