Leaf ya mtumba yenye betri iliyochoka: uzoefu wangu kwa safari fupi

Betri ya gari langu imebakiwa na takriban asilimia 70 ya uwezo iliokuwa nao ilipotoka kiwandani, na nililinunua nikilijua hilo. Ni Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, ile ya betri ya kilowati-saa 24. Watu wengi wanaotafuta gari la umeme lililotumika wakisikia tu kwamba betri imechoka, wanalipita bila hata kulikalia. Mimi nililitaka kwa sababu hiyohiyo. Bei yake ilikuwa chini kuliko yote niliyoyaangalia, na kazi niliyotaka linifanyie ni ndogo: kunifikisha kazini, kuwashusha watoto shuleni, kupita dukani, kurudi nyumbani. Hata siku yenye mizunguko mingi haifiki kilomita 40.

Hesabu niliifanya kabla ya kwenda kuona gari lolote. Betri ya kilowati-saa 24 ikiwa mpya, gari linakuruhusu kutumia kama 21 au 22; zilizobaki ni akiba ya kuilinda. Chukua asilimia 70 ya hizo, unabaki na 15 hivi. Kwa mwendo wa mitaani, bila kulikimbiza, Leaf hutembea kilomita 6 hadi 7 kwa kila kilowati-saa. Kwa hiyo gari likijaa linaweza kufika kilomita 90 na ushee hadi lizime kabisa. Hakuna anayeendesha hadi lizime, basi ondoa robo. Zinabaki kama 70, na mimi nahitaji 40. Nilipofika hapo niliacha kutamani magari ya betri kubwa. Betri iliyochakaa ni kama tangi la mafuta lililopungua ukubwa: gari lina nguvu zilezile na mwendo uleule, ila unajaza mara nyingi zaidi. Kwa mtu anayelala na gari nyumbani kwake, kujaza mara nyingi maana yake ni kuchomeka waya jioni, basi.

Sasa, kujua betri imebaki na kiasi gani ndiyo kazi yenyewe. Pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri, tofauti na vile vya chaji ya siku. Kijiti cha kwanza hupotea uwezo ukishuka hadi karibu asilimia 85, na kila kinachofuata hupotea kwa asilimia 6 hivi. Gari langu lina vijiti 9. Dhamana ya betri za kilowati-saa 24 katika masoko mengi ilikuwa miaka 5 au kilomita 100,000, na ilikuhudumia pale tu vijiti vilipobaki 8. Magari hayo yote yameshavuka muda huo, kwa hiyo muuzaji akikutajia dhamana ya kiwandani kwa gari la aina hii, muulize anazungumzia dhamana ipi.

Vijiti vyenyewe navyo visikulaze. Gari la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa la mwaka 2012, limeshatembea kilomita zaidi ya laki moja, na vijiti vyote 12 vinawaka. "Dada, betri hii ni kama mpya, jionee mwenyewe," akasema muuzaji. Gari la umri ule lililotembea kiasi kile halibaki na vijiti 12 kwa kawaida. Kompyuta inayosimamia betri inaweza kufutwa kumbukumbu. Vijiti vyote vinarudi huku betri ikiwa ileile. Ukishanunua, kompyuta inajifunza upya kadiri unavyochaji na kuendesha, na vijiti vinaanza kudondoka kimoja baada ya kingine mpaka vifike vinapostahili.

Nilikwenda na kisomaji kidogo cha OBD cha Bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na programu ya LeafSpy kwenye simu ya kusoma taarifa za betri. Kwa yeyote anayetaka gari hili ningesema asiende bila hivyo viwili. Programu hiyo inakuonyesha asilimia ya afya ya betri, gari limechajiwa mara ngapi kwa chaji ya haraka na mara ngapi kwa chaji ya kawaida, na volti za jozi zote 96 za seli, vipande vidogo vinavyounda betri. Lakini programu inasoma kutoka kwenye kompyuta ileile iliyofutwa, kwa hiyo namba ya afya inaweza kudanganya pamoja na vijiti. Kinachobaki ni barabara. Omba gari likiwa limejaa, tembea umbali unaoujua, kilomita 20 zinatosha, kisha angalia asilimia ngapi zimekwenda. Betri isiyochakaa itapoteza kama 14 au 15. Ya kwangu hupoteza 20 na kidogo. Halafu gari likiwa na chaji ndogo, kanyaga kwa nguvu huku mwenzako akitazama seli kwenye simu. Zikishuka pamoja, hiyo ni betri iliyozeeka vizuri. Moja ikizama peke yake na kuacha nyingine juu, hapo kuna seli mbovu, na gari litakuzimikia huku dashibodi ikidai bado kuna chaji. Lile la vijiti 12 lilikuwa linapoteza asilimia kwa kasi kuliko langu. Tuliagana kwa amani, na muuzaji hakuonekana kushangaa sana.

Ndiyo maana kwangu gari la vijiti 9 vya kweli ni salama kuliko la 12 usilojua vimetoka wapi.

Kuchaji. Matoleo ya mwanzo yana chaja ya ndani ya kilowati 3.3, kuanzia 2013 kuna yenye 6.6. Kwa safari fupi tofauti hiyo haina maana kubwa. Soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 inakupa kilomita kumi na kitu kwa saa, na usiku una saa za kutosha. Jambo la kuzingatia ni nyaya za nyumba. Birika la umeme hutumia soketi dakika chache. Gari linaivuta saa sita mfululizo. Niliita fundi umeme aniwekee soketi ya peke yake, yenye swichi yake kwenye paneli na waya wa ardhi uliopimwa. Bila waya wa ardhi vifaa vingi vya kuchajia hugoma kabisa, na vinagoma kwa haki. Kebo ya kuunganishia ya kwenye redio na pasi usiitumie. Plagi ikishikika kuwa ya moto, chomoa.

Ukitegemea vituo vya nje, tazama mdomo wa soketi ya gari kabla ya kulipa. Leaf hizi zina soketi ya Type 1 kwa chaji ya kawaida, na nyingi zina CHAdeMO kwa ya haraka. Penye vituo vya Type 2 unaweza kununua waya wenye Type 2 upande mmoja na Type 1 upande wa pili. Kwenye chaji ya haraka, vituo vipya vingi vinajengwa kwa CCS, plagi ya aina nyingine, na huko huwezi kuchomeka. Mimi sihitaji, kwa hiyo sijapoteza usingizi.

Joto ni habari nyingine. Betri ya Leaf hizi haina mfumo wa kupozwa kwa maji, inategemea hewa tu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya magari ya aina hii kuchakaa betri mapema kwenye nchi za joto. Seli huumia zaidi zikikaa zimejaa pomoni huku gari likichomwa na jua. Gari lina saa ya kupanga muda wa kuchaji, nami nimeipanga imalize karibu na saa ya kutoka asubuhi badala ya kujaa saa nne usiku na kukaa hivyo. Nikijua kesho sina safari, naliacha kwenye nusu. Kuegesha kivulini kumekuwa ibada.

Baridi nayo inakula masafa, yaani umbali gari linaoweza kwenda kwa chaji moja, hasa kwenye matoleo ya 2011 na 2012 ambayo hita yake hugeuza umeme kuwa joto moja kwa moja. Baadaye baadhi ya matoleo yalipata pampu ya joto, ambayo ni nafuu. Kiti chenye joto kinatumia umeme kidogo mno kuliko kupasha hewa yote ya ndani. Kiyoyozi cha kupoza hakinitishi. Masafa hupungua, ila si kwa kiasi cha kunifanya nifungue madirisha.

Kuendesha ndiko kulikonishangaza, maana nilitarajia gari la kuvumilia tu. Mota ni ya kilowati 80 na msukumo wake uko hapo tangu unapogusa kanyagio. Taa ikiwaka kijani unaondoka kimya, na walio nyuma wanabaki wakibadilisha gia. Kwenye foleni halingurumi wala halichomi kitu likiwa limesimama. Injini ya petroli huteswa na safari fupi: oili haijapata moto, mafuta yanaliwa zaidi, na ukifika ndiyo kwanza ingeanza kutulia. Mota haina habari na hayo, kilomita mbili au ishirini kwake ni sawa.

Kisichoaminika ni namba ya masafa kwenye dashibodi. Inakisia kutokana na ulivyoendesha muda mfupi uliopita, kwa hiyo ukiteremka mlima mrefu inakupandishia kilomita ambazo hutaziona. Natumia asilimia. Matoleo ya kwanza kabisa hayaonyeshi asilimia, na hapo LeafSpy inakuwa dashibodi ya pili.

Matengenezo ni machache: hakuna oili ya injini, plagi za injini wala klachi. Angalia matairi, kwa sababu gari ni zito, karibu tani moja na nusu, na msukumo wa ghafla huyala. Breki hutumika kidogo kwa vile mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, hivyo diski zinaweza kushika kutu. Na betri ndogo ya volti 12 ipo, ileile ya magari mengine. Ikifa, betri kubwa iliyojaa haikusaidii kitu, maana kompyuta na swichi zinazoiunganisha zinaamshwa na hiyo ndogo. Ibadilishe mapema.

Asiye na mahali pa kuchajia anapolala simshauri anunue. Na mwenye safari ndefu kila wikendi atafute ya kilowati-saa 40, iliyoanza kuuzwa 2017, akijua kwamba nayo haipozwi kwa maji na chaji za haraka zikifuatana katika safari moja gari hupunguza kasi ya kuchaji ili kujilinda.

Mimi nitaliendesha hili hadi masafa ya uhakika yashuke chini ya kilomita 45. Baada ya hapo kuna mafundi wanaotoa betri nzima ya zamani na kuweka ya kilowati-saa 30 au 40 kutoka kwenye Leaf ya baadaye iliyogongwa, pamoja na kifaa kidogo cha kuwezesha kompyuta ya gari na ya betri kuelewana. Sijaamua kama nitafanya hivyo au nitatafuta Leaf nyingine ya vijiti 9.