Kuskani hati za kale, Mtwara mjini: wazuri, ila chunga nukta

Kwa mwenye barua za mababu za hati ya Kiarabu, stesheneri ile ya jirani na stendi inafaa. Shilingi 500 kwa ukurasa, na karatasi kuukuu hazipitishwi kwenye roli, ambako huchanika mikunjoni. Zinalazwa kwenye kioo moja moja.

Kasoro nzito ni mashine kuwekwa nyeusi-na-nyeupe. Herufi za Kiarabu ba, ta, nuni na ya zikiwa katikati ya neno hutofautishwa na nukta tu. Wino ukishapauka, nukta zinafutika, na jina la jumbe linageuka la mtu mwingine kabisa! Dai rangi, ukali wa picha wa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), faili la picha la aina ya TIFF, na upande wa nyuma pia.

Kutafuta majina kwenye nyaraka za Kijerumani bado hawajui. Wanaandika "Machemba" wanakosa, wakati Wajerumani waliandika pia "Matschemba". Ndiye chifu wa Wayao aliyemwandikia kamishna wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, kwa Kiswahili mwaka 1890, akikataa kumtii. Inauma kukosa maneno yake mwenyewe kwa sababu ya tahajia. Waandikie "tsch" badala ya "ch", "dsch" badala ya "j", ndipo watafute.