Seti ya kuongezea nguvu injini ya minibaiki: uzoefu wangu baada ya kuifunga mwenyewe

Injini yangu ilikuwa inakula oili. Haikuwa inavuja, inakula. Unajaza hadi mdomoni, unaendesha kidogo, ukipima tena kijiti kinatoka kimelowa ncha tu, na kila ukiachia resi kisha ukaivuta, ekzosi inatema wingu la buluu. Ni injini ya silinda moja ya cc 196, nakala ya Honda GX200, jamii ile ile inayozungusha pampu za maji na jenereta ndogo. Mimi nimeifunga kwenye minibaiki, kile kipikipiki cha matairi madogo ambacho mtu mzima akikikalia magoti yanakaribia kugusa usukani.

Kwa kuwa ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande, zilikuwa zimekwisha, ilibidi injini ifunguliwe yote. Sasa mtu akishafika hadi kwenye krenki shafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, shetani wa ufundi huanza kumnong'oneza. Nikaagiza seti ya kuongezea nguvu badala ya kununua ringi peke yake. Hapa nasimulia ilivyokuwa, na sitaivisha kilemba cha ukoka: naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hizo zote imezipata kwa vipande ambavyo ukishafunga injini huvioni tena.

Ndani ya boksi kulikuwa na pistoni na ringi za saizi ya kawaida, konrodi ya alumini ya kuchongwa (mkono unaounganisha pistoni na krenki), flaiwili ya alumini (gurudumu linalokaa kwenye ncha ya krenki), springi mbili ngumu za valvu, gasketi za injini nzima, jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha petroli), chujio la hewa la wazi, ekzosi fupi, vizibo vya matundu ya gavana, na karatasi moja ya maelekezo yenye picha zilizofifia kama vile imetolewa nakala ya nakala. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, haikuwemo, nikabaki na ya asili.

Niseme kwanza kwa nini konrodi na flaiwili ndizo za maana. Injini hizi hutoka kiwandani zikiwa na gavana inayozibana zisipite mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Watu wengi huitoa gavana siku ya kwanza, wakavuta resi, wakafurahi. Tatizo ni kwamba nguvu inayoivuta konrodi kila pistoni inapogeuka haipandi sawa na mizunguko, inapanda kwa mraba wake. Kutoka 3,600 kwenda 5,000 unaongeza mizunguko chini ya mara moja na nusu, lakini mvutano unakaribia kuwa mara mbili. Konrodi ya asili ni alumini ya kumimina kwenye kalibu, haikutengenezwa kwa mchezo huo. Flaiwili ya asili nayo ni chuma cha kumimina, na ikipasuka ikiwa kwenye kasi, vipande vyake haviulizi nani amekaa karibu. Wewe ndiye umekaa karibu, tena umeipakata. Kwa hiyo kama seti unayoiangalia ina chujio na ekzosi tu, halafu inakwambia toa gavana, iache hapo hapo ilipo.

Konrodi ya seti hii ilikuwa nzuri. Imechongwa vizuri, kingo zimelainishwa, bolti zake ni nene kuliko za asili. Nilipima uwazi wake kwenye krenki kwa ule uzi laini wa plastiki: unakata kipande, unakilaza juu ya shingo ya krenki, unafunga kofia ya konrodi kwa torki yake, yaani nguvu yake kamili ya kukazia, unafungua tena na kulinganisha upana wa uzi uliobanwa na alama za kwenye karatasi. Nilipata karibu milimita 0.05, nikaridhika.

Pistoni ndiyo ilinipa aibu. Nilikuwa nimeshaiingiza, ringi zimebanwa, imegongwa kwa mpini wa nyundo hadi imeshuka, mpwa wangu ameshika tochi. Akainama akachungulia ndani ya silinda.

"Mjomba, si ulisema huo mshale uangalie upande wa fimbo za valvu?"

Nilikuwa nimesema hivyo mimi mwenyewe, dakika kumi kabla. Mshale ulikuwa umeangalia upande wa pili kabisa. Ikabidi nitoe kila kitu, na nilipokuwa natoa ringi moja ya oili ikajikunja. Karatasi ya maelekezo haikutaja mshale popote, lakini hilo siwezi kuwalaumu peke yao, nilikuwa nalijua.

Ringi zenyewe sasa. Usiamini kwamba ringi mpya ni ringi sahihi. Kabla ya kuzivisha kwenye pistoni niliziingiza moja moja ndani ya silinda, nikazisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ili zikae sawa bila kuinama, kisha nikapima mwanya wa ncha kwa fila geji, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia mianya. Mwanya unaotakiwa kwa injini hii ni kama milimita 0.2 hadi 0.4. Ringi ya juu ilikuwa 0.30, safi. Ya pili, hata jani la 0.10 liliingia kwa kulazimisha. Ringi kama hiyo ikipata joto hutanuka, ncha zikagongana, ikakosa pa kwenda, ndipo inapoanza kuukwangua ukuta wa silinda. Nilichukua tupa laini nikapunguza ncha moja kidogo kidogo, napiga mikupuo miwili, narudisha ndani, napima, natoa. Ilinichukua sehemu kubwa ya jioni nzima. Mtu ambaye angeifunga kama ilivyotoka kwenye pakiti angekuwa ameharibu silinda ndani ya wiki na asijue kwa nini. Hapo nimewakata nusu nyota.

Springi za valvu ni ngumu kweli, gumba linauma. Faida yake ni kwamba kwenye mizunguko mingi springi ya asili hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati, valvu ikabaki inaelea, na injini ikaanza kumisi hata kama petroli na moto vipo sawa. Angalizo dogo kwa asiyewahi kufungua kichwa cha injini hii: juu ya valvu ya ekzosi kuna kikofia kidogo kilichokaa tu, hakijafungwa na chochote. Changu kilidondoka, kikabiringika, tukakitafuta kwa sumaku hadi tukakipata ndani ya kiatu changu. Valvu nilizisaga kwa ile dawa ya kusagia hadi ukingo ukawa na mstari mmoja wa kijivu usiokatika, kisha nikaweka tapeti, yaani mwanya wa valvu: milimita 0.15 ya kuingiza hewa, 0.20 ya ekzosi, injini ikiwa baridi.

Na kwa sababu konrodi na pistoni si vya asili, kabla ya kufunga kichwa moja kwa moja niliweka vipande vya udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, nikafunga kichwa na gasketi ya zamani, nikazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili. Ukifungua unaona kabisa valvu zilipoacha chapa, na kama zingeigonga pistoni. Udongo uliobaki ulikuwa mnene vya kutosha, zaidi ya milimita mbili pale pembamba kabisa. Kazi ya dakika ishirini, na usingizi unakuwa mzuri.

Gasketi: nzuri zote isipokuwa ya kabureta, ambayo tundu lake dogo halikulingana na la mwili wa kabureta. Niliitumia ya zamani. Vizibo vya gavana ni vibovu, sina neno lingine. Ukishatoa mkono wa gavana unabaki na tundu kwenye ganda la injini, na kizibo cha mpira nilichopewa kilianza kutoa jasho la oili siku ile ile. Nilikitupa, nikachonga uzi kwenye tundu na kufunga bolti fupi yenye gundi ya gasketi. Limekauka hadi leo.

Siku ya kuwasha ndiyo nisiyoisahau. Oili lita 0.6, plagi mpya, koili inayotoa moto wa plagi nimeiachia mwanya wa milimita 0.4 kwa kuchomeka kipande cha kadi ngumu kati yake na flaiwili. Nikavuta kamba. Ikakohoa. Nikavuta tena, ikapiga baruti kwenye ekzosi, kamba ikaniponyoka mkononi, na mpwa wangu akasogea nyuma ya mlango bila kuambiwa. Mara ya tatu ikawa inazunguka lakini haishiki, moto unawaka wakati usio wake.

Nilifungua flaiwili. Kii, kale kachuma kadogo kanakoishikilia flaiwili isiteleze kwenye krenki, kalikuwa kamekatika nusu na kuacha ngazi ya karibu milimita mbili. Taimingi yote imehama. Kosa lilikuwa langu mara mbili. Kwanza, nilipangusa ncha ya krenki kwa tambara lenye oili, wakati ile ncha iliyochongoka inatakiwa iwe kavu kabisa, kwa sababu kinachoishika flaiwili ni msuguano wa chuma kwa chuma. Kii kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Pili, nati niliikaza kwa spana ya kawaida hadi roho yangu iliporidhika, na roho yangu haijui nyutoni mita, kipimo cha torki. Inatakiwa 75. Nilisafisha pande zote mbili kwa petroli, nikakausha, nikaweka kii mpya, nikaazima spana ya torki. Kamba ya kwanza, ikawaka.

Wauzaji niliwaandikia kuhusu ringi na vizibo. Walijibu haraka, kwa adabu, wakaniomba picha. Picha zilienda. Hadi sasa nangoja vizibo vingine, na kuhusu ringi waliniambia "hiyo hutokea".

Sasa chujio na ekzosi. Zinaongeza kelele nyingi na nguvu kidogo. Ukifungua njia ya hewa bila kubadilisha jeti, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, inachemka, na ukiachia resi inapasua pasua kwenye ekzosi. Jeti waliyonipa haikuwa na namba yoyote. Niliipima kwa vijisindano vya drili: cha 0.9 kikapita, cha 0.95 kikagoma. Niliifunga, nikaendesha kwa resi kubwa, nikazima ghafla bila kuiacha itulie, nikatoa plagi. Kaure yake ilikuwa nyeupe kama chaki, maana yake petroli bado haitoshi. Niliipanua hadi 0.95, plagi ikatoka na rangi ya ngozi iliyokauka, nikaacha hapo. Ekzosi yenyewe ni bomba tu lisilo na kitu ndani. Jirani yeyote mwenye subira utaimaliza subira yake. Nimeshairudisha ya zamani, na tofauti ya nguvu sikuiona hata kwenye mlima.

Kwenye mlima hasa ndipo kazi yote inapoonekana. Zamani klachi ilikuwa ikishika, injini inainama kama mtu aliyebebeshwa gunia, ndipo inajikusanya. Sasa inashika na kuondoka. Flaiwili nyepesi inafanya resi ipande upesi, ingawa kwa sababu hiyo hiyo injini haitulii vizuri kwenye resi ya chini, ikabidi niipandishe kidogo. Moshi wa buluu umekwisha kabisa. Klachi yangu ina meno 10 na sproketi ya nyuma 60, tairi likizunguka mara moja linasogea kama mita 1.1. Kwa hiyo kwenye 3,600 nilikuwa naenda kilomita 40 kwa saa hivi, na kwenye 5,000 hesabu inatoa 55.

Fomula ya hesabu haina breki, mimi ninayo moja tu, ile ya utepe inayobana ngoma ya nyuma, na mara ya kwanza nilipofika huko juu niliikanyaga nikaona ukuta unaendelea kuja. Sasa hivi skrubu ya kuzuia resi nimeikaza hadi kipima mizunguko kinagota kwenye 4,200. Breki ya diski nimeagiza, kwa muuzaji mwingine.